Kibwagizo cha Hifadhidata: Kuandika Sharti Mara Moja na Kulitumia Kila Mahali

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga, nami nimelishika neno hilo tangu nianze masomo ya uzamili. Hata hivyo, kuna kuuliza swali lile lile mara kumi na moja, kila mara kwa maneno yanayokaribia kufanana, kisha ukapata majibu mawili yasiyopatana. Kuuliza kwa namna hiyo ndiko kulikonitia haya mbele ya semina ya idara, na ndiko kulikozaa makala haya.

Kisa chenyewe si kirefu. Tasnifu yangu inachunguza mashairi ya magazetini. Niliyakusanya kutoka magazeti ya zamani, nikayapiga chapa moja baada ya jingine, kisha nikayaweka katika hifadhidata, ambayo wenzetu wa Tanzania aghalabu huiita kanzidata. Siku ya kuwasilisha sura ya tatu, mhadhiri mmoja aliweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye ukurasa wa 41 na cha kulia kwenye ukurasa wa 67. "Kijana," akasema, "hapa unatuambia kwamba mashairi uliyoyachanganua ni 618. Huku unatuambia ni 587. Mashairi thelathini na moja yamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilisema, "Nitaangalia, Mwalimu," nikaketi.

Makala haya yanadhamiria kueleza mashairi hayo yalikokwenda, na namna ya kuandika masharti ya kuchuja data ili yasipotee tena. Nimeyaandika kwa ajili ya wanachama wenzangu ambao, kama mimi, waliingia katika kompyuta kwa mlango wa fasihi. Siku hizi wengi wetu tunakusanya methali, misemo, majina ya mahali au matini za fasihi simulizi na kuzihifadhi katika majedwali. Anayehifadhi lazima siku moja aulize, na anayeuliza mara nyingi atarudia masharti.

Sharti na jedwali

Mwaka 1970, Edgar F. Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba data ihifadhiwe katika majedwali, na kwamba anayeitafuta aseme anachotaka bila kueleza njia ya kukifikia. Mwaka 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni iyo hiyo wakatoa lugha ya kuuliza majedwali hayo. Waliiita SEQUEL, na baadaye jina likafupishwa kuwa SQL. Nusu karne imepita na lugha hiyo ingali hai. Ni lugha yenye sarufi finyu mno ikilinganishwa na Kiswahili, jambo linaloifanya iwe rahisi kujifunza na rahisi vilevile kuitumia vibaya.

Jedwali langu kuu linaitwa mashairi. Kila mstari wake ni shairi moja, na kila safu ni sifa moja ya shairi hilo: namba, kichwa, mtunzi, mwaka, idadi ya mishororo katika ubeti, mizani ya ukwapi, mizani ya utao, na hali. Safu ya hali huonyesha iwapo nimelilinganisha shairi na gazeti lenyewe. Zaidi ya hizo ipo safu niliyoiita asili. Gazeti likirudia kuchapisha shairi la zamani, safu hiyo hubeba namba ya shairi la kwanza. Shairi lililochapishwa mara moja huachwa bila kitu katika safu hiyo.

Ulizo la kawaida katika SQL lina viungo vitatu. SELECT hutaja unachotaka kuona, FROM hutaja jedwali, na WHERE hubeba sharti. Sharti ndilo chekecheke: mstari unaolitimiza hupita, usiolitimiza hubaki nje. Katika utafiti wangu niliamua tangu mwanzo kwamba nitahesabu tu mashairi yaliyohakikiwa, ambayo si marudio, na ambayo hayakuandikwa na mhariri wa ukurasa kwa ajili ya kujaza nafasi. Uamuzi huo, ukiandikwa kwa SQL, ulikuwa hivi:

SELECT COUNT(*) FROM mashairi
WHERE hali = 'limehakikiwa'
AND asili IS NULL
AND mtunzi <> 'Mhariri'

Mistari mitatu ya mwisho ndiyo iliyozua balaa. Niliihitaji nilipohesabu tarbia, nikainakili. Niliihitaji nilipohesabu takhmisa, nikainakili tena. Nilipotaka kujua watunzi walioandika zaidi, miaka iliyokuwa na mashairi mengi, na urefu wa beti, niliinakili kila mara. Kufikia mwisho wa sura ya nne mistari hiyo mitatu ilikuwa imekaa mahali kumi na moja katika programu yangu ndogo ya Python.

Mashairi thelathini na moja

Msomaji aliyewahi kuishi na SQL tayari ameuona ufa. Si mashairi yote yaliyochapishwa na jina la mtunzi. Yale yasiyo na jina niliyaacha na safu tupu, na hifadhidata huuita utupu huo NULL. Sasa, NULL katika SQL haimaanishi "hakuna" wala "sufuri". Maana yake ni "haijulikani". Ukiiuliza hifadhidata kama mtunzi asiyejulikana si Mhariri, haitakujibu "ndiyo" na haitakujibu "la". Itakujibu "sijui". Na WHERE hupitisha tu mistari ambayo jibu lake ni "ndiyo".

Kwa hivyo, kila shairi lisilo na jina lilichujwa pamoja na mashairi ya mhariri, bila onyo. Kimantiki hifadhidata haikukosea. Mtu asiyejulikana anaweza kweli kuwa mhariri. Mimi ndiye niliyedhani kwamba nimesema "ondoa ya mhariri", ilhali nilichosema kilikuwa "niletee tu yale ambayo una hakika si ya mhariri".

Cha kusikitisha ni kwamba kosa hilo nililigundua mapema. Nilipokuwa nikiandika sura ya tatu niliona shairi moja nililolikumbuka vizuri halimo katika orodha, nikatafuta sababu, nikarekebisha sharti:

AND (mtunzi IS NULL OR mtunzi <> 'Mhariri')

Nilirekebisha mahali pamoja. Zile nakala nyingine kumi sikuzigusa, kwa maana sikukumbuka zilipo. Hivyo ndivyo ukurasa wa 41 ulivyopata 618 na ukurasa wa 67 ukabaki na 587.

Huenda mtu akasema kwamba mashairi 31 katika 618 si kitu. Nami ningekubali kama yangekuwa mashairi 31 ya kuokotwa ovyo. Lakini chekecheke langu halikuokota ovyo, lilikuwa limeondoa kundi zima lenye sifa moja. Asiyetaja jina lake gazetini huenda ana sababu, na katika mkusanyo wangu sababu hiyo mara nyingi ilionekana katika ubeti wa pili au wa tatu, pale fumbo linapoanza kumwelekea mkubwa fulani. Katika rasimu ya sura ya nne nilikuwa nimeandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba mafumbo ya kisiasa yalififia katika baadhi ya miaka ninayoichunguza. Hayakufifia. Nilikuwa nimeyafungia nje mwenyewe. Endapo mhadhiri yule asingekuwa na vidole viwili, hoja hiyo ingeingia maktabani ikiwa na jalada gumu na jina langu kwa herufi za dhahabu.

Kibwagizo na sabilia

Nilipokuwa nikitafakari kosa hili nililiona kwa jicho la mtu wa ushairi. Malenga anapotunga tarbia yenye kibwagizo, mshororo wa mwisho huwa ni ule ule ubeti hadi ubeti. Ameutunga mara moja na kuurudia mara nyingi. Mpiga chapa akiubadilisha neno katika ubeti wa nne pekee, shairi limevunjika, hata kama neno jipya ni bora kuliko la zamani. Na mshororo huo ukibadilika kila ubeti, hatuna kibwagizo tena, tuna sabilia. Sabilia ni bahari ya heshima, lakini mtunzi wake huikusudia. Mimi nilikuwa na sharti lililopaswa kuwa kibwagizo, nami kwa kunakili na kurekebisha huku na kule nikaligeuza sabilia bila kukusudia.

Dawa, basi, ni kulitunga sharti mara moja, kulipa jina, na kuliita kwa jina lake kila linapohitajika. Zipo njia kadhaa za kufanya hivyo na hazina uzito sawa.

Njia iliyo karibu zaidi na hifadhidata yenyewe ni mwonekano. Mwonekano ni ulizo lililopewa jina na kuhifadhiwa ndani ya hifadhidata, kisha likaruhusiwa kutumika kana kwamba ni jedwali:

CREATE VIEW mashairi_halali AS
SELECT * FROM mashairi
WHERE hali = 'limehakikiwa'
AND asili IS NULL
AND (mtunzi IS NULL OR mtunzi <> 'Mhariri')

Tangu hapo naweza kuandika SELECT COUNT(*) FROM mashairi_halali na kuongeza tu kile ninachokitafuta siku hiyo. Mwonekano wa kawaida haunakili data. Huhifadhi maneno ya ulizo tu, na kila unapouita huyasoma majedwali upya. Nikihakiki shairi jingine leo jioni, litaonekana humo papo hapo. Kwa mtafiti wa lugha asiye na haja ya kuandika programu ndefu, ningeshauri aanze na kuishia hapa. Faida yake nyingine ni kwamba mwonekano hutumika kutoka lugha yoyote ya programu, hata kutoka lahajedwali inayoweza kuunganishwa na hifadhidata.

Upungufu wake ni kwamba mwonekano haupokei thamani. Siwezi kuuambia "nipe ya mwaka 1975 hadi 1985" kama sehemu ya jina lake. Hiyo lazima niiongeze nje, na sharti la miaka linaporudiwarudiwa tunarejea tulikotoka.

Hapa ndipo fankisheni za lugha ya programu zinapofaa. Jaribio langu la kwanza lilikuwa duni: nililiweka sharti zima katika kigeu kimoja cha maandishi, nikawa nalibandika mwishoni mwa kila ulizo. Lilifanya kazi hadi nilipotaka tarbia na takhmisa kwa pamoja, nikaandika hivi baada ya sharti la kawaida:

AND mishororo = 4 OR mishororo = 5

Takhmisa zikafurika. Zilikuja zilizohakikiwa na zisizohakikiwa, asili na marudio. Katika SQL, AND hushika kwa nguvu kuliko OR, kama vile kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha katika hesabu za shule ya msingi. Hifadhidata ilisoma maneno yangu hivi: ama shairi litimize masharti yote ya kawaida na liwe la mishororo minne, ama liwe la mishororo mitano basi. Tangu siku hiyo kila sharti langu lenye jina hufungwa ndani ya mabano yake, hata linapoonekana halihitaji. Mabano hayagharimu kitu.

Kunayo sababu nyingine ya kutobandika maandishi ovyo, na hii inatuhusu hasa sisi watu wa Kiswahili. Katika SQL, maandishi hufungwa kwa alama moja ya kudondoa, ambayo ndiyo hiyo hiyo ritifaa tunayoitumia katika ng'ombe, ng'ambo na ng'ara. Ukichukua kichwa cha shairi chenye neno ng'ombe na kukibandika katikati ya ulizo, hifadhidata itadhani kwamba maandishi yameishia kwenye ng, na ombe litabaki likielea bila maana. Ulizo litakataliwa. Hiyo ni heri, maana ulizo lililokataliwa hujulikana. Katika tovuti inayopokea maneno ya watu wasiojulikana, mwenye nia mbaya anaweza kuutumia upenyo huo huo kupenyeza amri zake mwenyewe. Kinga ya yote mawili ni moja: thamani isibandikwe kamwe ndani ya maneno ya sharti. Weka alama ya kuuliza mahali pake, kisha uikabidhi thamani kando.

Kwa hivyo kila sharti langu sasa ni fankisheni inayorudisha vitu viwili, maneno na thamani:

def halali():
    return ("(m.hali = 'limehakikiwa' AND m.asili IS NULL "
            "AND (m.mtunzi IS NULL OR m.mtunzi <> 'Mhariri'))", [])

def ya_mishororo(n):
    return "(m.mishororo = ?)", [n]

def kati_ya(mwanzo, mwisho):
    return "(m.mwaka BETWEEN ? AND ?)", [mwanzo, mwisho]

def na(*masharti):
    maneno = " AND ".join(s for s, t in masharti)
    thamani = [x for s, t in masharti for x in t]
    return "(" + maneno + ")", thamani

Ipo na fankisheni ya pili, au, iliyo sawa na na ila kwa neno OR. Nikitaka tarbia na takhmisa halali za mwaka 1975 hadi 1985 naandika hivi:

sharti, thamani = na(halali(),
    au(ya_mishororo(4), ya_mishororo(5)),
    kati_ya(1975, 1985))
db.execute("SELECT COUNT(*) FROM mashairi m WHERE " + sharti, thamani)

Msomaji aangalie jinsi mistari hiyo mitatu ya mwanzo inavyosomeka karibu kama sentensi ya Kiswahili. Hilo silo pambo. Nilipompa mwenzangu wa idara, ambaye hajawahi kuandika programu, aliyasoma masharti hayo na kuniuliza kwa nini nimeuacha mwaka 1986. Ile sabilia yangu ya kwanza asingeweza kuihoji.

Herufi m inayotangulia kila safu ina kazi yake pia. Ninalo jedwali la pili la watunzi, nalo lina safu iitwayo hali: hai au marehemu. Majedwali mawili yanapounganishwa katika ulizo moja, neno hali likiwa peke yake halieleweki ni la nani, na hifadhidata hukataa. Sharti linalokusudiwa kutumika kila mahali sharti lijue ni la jedwali gani. (Nisamehewe kwa kutumia neno hilo kwa maana mbili katika sentensi moja.)

Wanaotumia mifumo mikubwa ya kuandikia tovuti hawana haja ya kujitungia zana hizi. Mfumo wa Rails uliingiza masharti yenye majina mwaka 2008, na Django ya Python ina vitu viitwavyo Q vinavyoweza kuunganishwa kwa "na", "au" na "si". Wazo ni lile lile: sharti ni kitu chenye jina, kinachoweza kushikwa, kupitishwa na kuunganishwa na kingine.

Sharti kama fasili

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba faida ya yote haya ni kuepuka makosa ya kunakili. Kwa mtafiti wa fasihi ipo faida nyingine ambayo mimi naiona kubwa zaidi. Sharti lenye jina ni fasili. Ninapoandika fankisheni iitwayo tarbia_ya_arudhi, nalazimika kusema ninamaanisha nini, na kusema kwa namna ambayo mashine isiyojali hadhi ya mtu italifuata.

Je, tarbia ya arudhi ni ile yenye mishororo minne tu, au lazima kila mshororo uwe na mizani kumi na sita, nane ukwapi na nane utao? Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliziweka kanuni wazi, na wanamapokeo wakazishika. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, na mjadala kuhusu ni nini kifanyacho shairi kuwa shairi ukawaka moto ambao majivu yake yangali vuguvugu katika madarasa yetu. Sitauamua hapa. Lakini katika mkusanyo wangu yapo mashairi yaliyopungukiwa na silabi moja katika mshororo mmoja, na mwenye fasili kali atayaita guni na kuyatoa, ilhali mwenye fasili pana atayabakisha. Zamani ningechagua fasili moja na kuificha ndani ya maulizo kumi na moja. Sasa ninazo fankisheni mbili, tarbia_kali na tarbia_pana, na uchanganuzi mzima unaweza kuendeshwa chini ya fasili yoyote kwa kubadilisha neno moja. Tasnifu inatoa hesabu zote mbili. Nani ana haki, wasomaji watajadiliana.

Vina vilinipa kazi zaidi. Mtiririko huhitaji vina vya kati na vya mwisho visibadilike tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na hilo si jambo unaloweza kulijua kwa kutazama mstari mmoja wa jedwali. Nililazimika kuwa na jedwali la beti, kila ubeti na vina vyake, huku nikiacha nje vina vya kibwagizo kwa kuwa mara nyingi hutofautiana na vya mishororo ya juu yake. Sharti linalohusu kundi la mistari haliingii katika WHERE moja kwa moja, huwekwa katika HAVING, na sharti la HAVING haliunganiki na mengine kwa urahisi. Ufumbuzi ni kulifungia ndani ya ulizo dogo:

(m.namba IN (SELECT shairi FROM beti
GROUP BY shairi
HAVING COUNT(DISTINCT kina_kati) = 1
AND COUNT(DISTINCT kina_mwisho) = 1))

Kwa nje, maneno hayo sasa ni sharti la kawaida kama mengine, na fankisheni ya mtiririko hukaa kando ya halali bila kujua tofauti. Ukara hupatikana kwa kudai kina kimoja upande mmoja na zaidi ya kimoja upande wa pili, na ukaraguni kwa kudai zaidi ya kimoja pande zote. Tahadhari tu kwamba COUNT hupuuza utupu. Ubeti ambao kina chake hakikuandikwa, labda kwa sababu karatasi ilichanika, hauhesabiwi, na shairi linaweza kuonekana mtiririko kwa sababu ushahidi wa kinyume umepotea.

Mitego miwili

Wa kwanza ni kuchuja mahali pasipofaa. Katika Python ni rahisi kuyaleta mashairi yote kisha kuyachuja kwa kitanzi cha programu yenyewe. Kwa mashairi mia sita hakuna atakayeona tofauti ya muda. Kwa rekodi milioni moja za maktaba, utakuwa umebeba bahari nzima kwa ndoo ili kutafuta samaki mmoja. Lakini hata kwa mkusanyo mdogo kuna hatari ya maana. Katika Python, kitu kitupu si sawa na 'Mhariri', na jibu ni "ndiyo" bila kusita. Katika SQL jibu ni "sijui". Sharti moja lililoandikwa kwa maneno yale yale katika lugha mbili litatoa hesabu mbili, 618 kwa moja na 587 kwa nyingine, na hakuna iliyovunja sheria zake.

Mtego wa pili niliutega mwenyewe na kuuingia mwenyewe. Baada ya aibu ya semina niliapa kwamba sharti la kawaida halitasahaulika tena, nikalibadilisha jina jedwali la asili kuwa mashairi_ghafi na mwonekano nikauita mashairi tu. Kila aliyeuliza, alichujiwa. Wiki mbili baadaye nilitaka kujua ni mashairi mangapi yamebaki kuhakikiwa, nikaiuliza hifadhidata. Ikanijibu: sufuri. Nilifurahi. Nilimwandikia msimamizi wangu kwamba uhakiki umekamilika! Kumbe nilikuwa nikiwatafuta wasiohakikiwa ndani ya chumba ambacho mlangoni pake nimeandika "waliohakikiwa pekee". Rails iliongeza uwezo kama huo wa kuficha sharti katika kila ulizo mwaka 2009, na waandishi wengi wa programu wamewahi kuujutia. Sharti lililofichwa ni baya sawa na sharti lililotawanywa, kwa kuwa yote mawili hulifanya lisionekane na anayelihitaji. Majedwali yangu yamerudia majina yao ya zamani, na kila ulizo hutaja halali waziwazi.

Kuhusu kuunganisha majedwali nitataja jambo moja tu. Ukitaka orodha ya watunzi wote pamoja na idadi ya mashairi yao halali, wakiwemo wale wasio na hata moja, sharti la halali liwekwe katika ON ya LEFT JOIN, lisiwekwe katika WHERE. Mtunzi asiye na shairi huja na safu za shairi zikiwa tupu, na WHERE itamfukuza kwa lile lile jibu la "sijui".

Rasimu ya sura ya nne nimeiandika upya. Mwishoni mwa tasnifu nimeongeza kiambatisho cha kurasa mbili chenye fankisheni zote za masharti, kila moja ikiwa na maelezo ya Kiswahili ya mstari mmoja, na chini ya kila jedwali la takwimu nimetaja jina la sharti lililolizaa. Hesabu ya mashairi halali ni 618 kila ukurasa. Kati yake, 31 hayana jina la mtunzi, na hayo yamepata sehemu yao wenyewe katika sura ya nne, kurasa kumi na tatu ambazo hazikuwapo hapo awali.

Sharti ambalo bado limenishinda ni la kikwamba. Kulinganisha neno la kwanza la kila ubeti si kazi ngumu, ila watunzi wangu hawaafikiani kuhusu neno ni nini: mmoja ameanza kila ubeti kwa "si mimi", mwingine kwa "simimi", na mpiga chapa wa gazeti akaandika vyote viwili katika shairi moja. Mwanachama aliye na fikra juu ya hilo na anitafute katika ofisi ya chama, Jumatano alasiri.